Ngoro Ishirini Kutoka Barabarani

Kazi ya ardhi imenifundisha kutomwamini mtu anayenikaribisha chai kabla ya kuniambia shida yake. Wanaonijua husema sikufundishwa na kazi, nilizaliwa hivyo, na kwamba hata ziwa la mama nililitazama mara mbili kabla ya kunyonya. Wananitania, lakini sina nguvu ya kubisha. Nimekuwa afisa ardhi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kujiuliza huyu aliyesimama mbele yangu anaficha nini.

Shaka yangu ilikomaa ufukweni. Kabla sijapewa vijiji vya milimani nilikuwa kwenye kikosi kilichopanga matumizi ya ardhi ya kijiji kimoja cha Ziwa Nyasa, upande wetu huu wa Ruvuma. Wanakijiji walikubaliana kutenga kipande cha mchanga kiwe cha kuanikia usipa, wale dagaa wadogo wa huko, na asijenge mtu yeyote. Tulichora, tukapaka rangi kwenye ramani, watu wakapiga makofi. Nilipopita pale mwaka uliofuata nilikuta ukuta wa matofali umesimama katikati ya mchanga ule, na akina mama wanaanika usipa wao juu ya vyandarua pembeni mwa barabara, pikipiki zikiwarushia vumbi. Nikauliza ukuta ni wa nani. Kila mtu aliniambia hajui, na kiongozi aliyekuwa akinikirimu chai siku zote za upangaji ndiye aliyekuwa hajui kuliko wote. Nilipanda kurudi Mbinga nikiwa na hasira ya kuumwa kichwa. Nikajiapiza kwamba eneo jingine la umma halitaliwa mbele ya macho yangu.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa siku nilipokabidhiwa jalada la kijiji kimoja cha juu, mbele kidogo ya Maguu.

Lilikuwa jalada jembamba. Ndani mlikuwa na barua mbili tatu za kukumbushana na karatasi moja ya maana, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioandikwa kwa mkono miaka kumi na minne nyuma na mtendaji ambaye alishahama. Muhtasari ulisema kijiji kimetenga eneo la kujenga zahanati. Eneo limetolewa kwa hiari na mzee mmoja mkulima wa kahawa, liko kando ya barabara, linaanzia kwenye mparachichi hadi kijito, na linashuka “ngoro ishirini kutoka barabarani.” Chini ya hapo shamba linabaki kuwa la mzee na familia yake.

Nilisoma mstari ule mara tatu. Mimi ni mtu wa Singida, kwetu ardhi ni tambarare na mtu hupima kwa hatua au kwa kamba. Sikuwa nimemaliza mwaka kwenye vijiji vya milimani. Nilikuwa nimeona mipaka ya mito, ya miti, ya makaburi, hata ya mzinga wa nyuki, lakini mpaka wa kuhesabu mashimo sikuwahi.

Kwa asiyejua, ngoro ndiyo namna Wamatengo wanavyolima kwenye miteremko yao. Wanafyeka majani, wanayalaza kwa mistari inayokatana hadi yanakuwa vyumba vidogo vidogo vya mraba, kisha wanachimba udongo wa katikati na kuurundika juu ya majani. Panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Mazao hupandwa kwenye matuta, maharage kwanza na mahindi baadaye, na shimo hudaka maji ya mvua ili udongo usikimbilie bondeni. Ukisimama ng'ambo, mlima mzima unafanana na trei ya mayai. Baada ya miaka miwili kazi hurudiwa upya. Hayo niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni kidogo tu, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu pale kijijini hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu mzima asiyekijua.

Jalada lilikuwa limeamka kwa sababu fedha za kujenga ile zahanati zilikuwa zimepatikana hatimaye. Mkuu wangu wa idara alinieleza kwa ufupi, maana yeye hueleza kila kitu kwa ufupi. Kuna malalamiko ya mpaka. Kiwanja chenye mgogoro hakijengwi. Kisiposafishwa kabla ya robo mwaka kwisha, zahanati inakwenda kijiji kingine. Wajawazito wa kijiji kile walikuwa wakibebwa kwenye pikipiki kwa njia ya utelezi hadi kituo cha mbali, na nilishasikia habari za mmoja aliyejifungulia njiani. Kwa hiyo nilikwenda nikijua kwamba kuna jambo kubwa, na kwamba kama kuna mtu anaikwamisha zahanati ile kwa ajili ya matuta yake ya maharage, sitamwonea haya.

Mwenyekiti wa kijiji alinipokea barabarani. Akanikaribisha chai. Nikamwambia nimeshakunywa, na nilikuwa sijanywa chochote tangu Mbinga. Tukaenda moja kwa moja kwenye eneo.

Ilikuwa Septemba na kila kitu kilikuwa kikavu. Eneo la zahanati lilikuwa majani matupu yaliyofika kiunoni, kwa sababu tangu lilipotengwa hakuna aliyelilima. Chini ya majani yale zilianza ngoro za shamba la mjane wa yule mzee, zenye mabua ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki. Mwenyekiti alininyooshea mkono kule chini.

“Bibi huyu anapandisha,” akasema. “Kila akigeuza ngoro anapandisha. Anakula eneo la zahanati taratibu, mtu hawezi kuona.”

Ule ukuta wa ufukweni ukanijia mbele ya macho, matofali yake yote.

Bibi tulimkuta kwake, hatua chache kutoka shambani. Alikuwa mwanamke mdogo sana wa umbo, amevaa kitenge na sweta la kiume lililomfika magotini, na ninaamini lilikuwa la marehemu. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Karibu, ukae. Chai iko motoni.”

Nikamwekea alama ya kwanza.

“Asante, Bibi, nina haraka. Naomba uniambie mpaka wako na zahanati uko wapi.”

“Pale ninapoanzia kulima.”

“Na unapoanzia sasa, ndipo ulipokuwa unaanzia miaka yote?”

Akafikiri. Mimi nikamtazama anavyofikiri, na nikaona amechukua muda mrefu kwa swali jepesi.

“Hapana,” akasema. “Si palepale. Unajua, tukigeuza ngoro…”

“Umesikia mwenyewe, bwana ardhi,” mwenyekiti akadakia. “Amekiri.”

Nikafunga daftari. Neno “hapana” nilikuwa nimeliandika na kulipigia mstari. Bibi alikuwa bado amefungua kinywa kumalizia, na nilimwona, lakini niliona pia mtu aliyeshikwa na sasa anatafuta maelezo. Watu wa namna hiyo nimewasikiliza wengi. Nikamshukuru, nikaondoka. Sikumuuliza amehama kuelekea wapi. Swali lenyewe lilikuwa na maneno matatu au manne, na mimi niliyejisifu kwa kuuliza maswali sikuliuliza.

Likabaki suala la kipimo. Ngoro ishirini ni mita ngapi? Katika eneo lenyewe kulikuwa na majani tu. Ngoro za Bibi sikutaka kuzitumia, kwa kuwa yeye ndiye mlalamikiwa, na niliona ni uangalifu mkubwa kwa upande wangu kutozitumia. Mwenyekiti akasema shamba lake, linalochimbwa na vibarua vijana, liko ng'ambo ya barabara, kwenye mteremko wa polepole, na ngoro ni ngoro, kwa hiyo naweza kupima huko. Nikapima kumi kwa mkanda, katikati ya shimo hadi katikati ya shimo, nikapata wastani wa mita mbili. Mara ishirini, mita arobaini.

Tukanyoosha mkanda kutoka barabarani kwenda chini. Mita arobaini ziliishia ndani ya mabua ya Bibi, mita tano kamili kupita pale alipoanzia kulima.

Nitasema ukweli wote kwa kuwa nimeamua kuandika. Nilifurahi. Nilifurahi kwanza kwa kuwa nilikuwa nimemkamata mtu. Halafu nilifurahi kwa kuwa ramani ya jengo ilihitaji nafasi nyuma, kwa ajili ya kichomea taka na shimo la kutupia kondo za wazazi, na mita arobaini zilitosha barabara. Kama kipimo kingetoka thelathini, ningelazimika kurudi kwa mkuu wangu na habari mbaya. Mimi niliyeshuku kila kitu sikukishuku kipimo kilichokuja kikiwa kimekaa sawasawa na nilichokihitaji.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika Jumapili baada ya misa, nje ya ghala la kahawa la chama cha msingi. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo niliwasubiri palepale ghalani na makaratasi yangu, wakaja wamevaa nguo zao za kanisani. Nikawaeleza maana ya kutenga ardhi kwa matumizi ya umma, kwamba ikishatengwa mtu mmoja hawezi kuifanya yake. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia akanyoosha mkono.

“Huo umma unaousema, bwana ardhi, ni sisi au ni watu wengine?”

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba umma ni sisi sote. Akasema anashukuru, alitaka tu kuhakikisha, kwa kuwa kila umma unapokuja kijijini hufika ndani ya gari. Wakacheka tena. Nikaona wananishuku, na kwa namna fulani nikawapenda kwa hilo. Nilijiona nimefika kwa watu wa aina yangu.

Kisha nikasema kipimo. Nikasema kuna mita tano za zahanati ambazo zimelimwa na mtu mmoja. Sikutaja jina, lakini hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka.

Bibi akasimama. Alikuwa na lile sweta lake.

“Bwana ardhi, ulipima ngoro za nani?”

“Ngoro ni ngoro, Bibi,” nikasema, kwa maneno yaleyale ya mwenyekiti.

“Hapana. Zile ishirini nilichimba mimi, kwa mkono wangu huu. Njoo upime zangu.”

Alinyoosha mkono wake mbele ya watu, mkono mfupi wenye mikunjo. Nikasema kwa sauti ya kufundisha kwamba mtu anayelalamikiwa haleti kipimo chake mwenyewe. Wakapiga makofi. Yuko mtu aliyesema kwa nyuma, “Bibi ameliwa,” na kicheko kikapita kutoka mwanzo hadi mwisho wa mkutano. Hakuna aliyeniomba ushahidi zaidi. Watu walewale waliokuwa wananishuku dakika tano kabla, kwa hilo waliniamini mara moja.

Akakaa. Mkutano ukapitisha. Jumanne tukamimina zege na kusimika bikoni, nguzo fupi za mpaka zenye namba, ndani ya shamba lake. Bibi hakukata rufaa, hakuja ofisini, hakutuma mtu. Hilo nalo nililichukua kuwa ushahidi.

Ujenzi ulianza upesi. Majani yote ya eneo yalifyekwa na kuchomwa, msingi ukachimbwa upande wa kijito, na kule nyuma likachimbwa shimo la kondo. Novemba mvua za kwanza zilipopiga, nilitumwa kwenda kuangalia kama mafundi wamezingatia mipaka. Nilifika asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na sasa palikuwa na jua. Upande wa mparachichi, ambako mafundi walikuwa hawajagusa, nikaona kitu kilichonisimamisha.

Ardhi ilikuwa nyeusi kwa moto, na juu yake maji yamesimama kwa mistari. Madimbwi madogo ya duara, moja baada ya jingine, yamepangwa vizuri kutoka barabarani kushuka. Ngoro za zamani zilikuwa bado zipo. Miaka kumi na minne majani yalikuwa yameota juu yake na kuzifunika, lakini chini zilikuwa hazijasahau kudaka maji.

Zilikuwa ndogo, za mchimbaji mwenye mkono mfupi. Hilo lilionekana kabla hata ya kupima. Nikaanza kuhesabu nikitembea kutoka barabarani, na viatu vikiingia maji. Ilipofika ishirini, mpangilio mzuri ukakatika. Nikatoa mkanda. Mita thelathini.

Baada ya pale palikuwa na ukanda ambao sikuuelewa. Madimbwi yalikuwa na kina zaidi, mapya zaidi, na yamepandana, safu moja ikiikata nyingine nusu, na inayofuata ikiikata hiyo nusu. Ukanda huo uliendelea kwa mita tano, hadi pale Bibi alipokuwa akianzia nilipofika mara ya kwanza. Kisha zilifuata mita tano nyingine, zenye mabua yaliyokanyagwa na mafundi. Mwisho wake ilikuwa imesimama bikoni yangu.

Fundi mkuu akaniuliza kama kuna kasoro. Nikamwambia hakuna, na nikaenda kwa Bibi kwa miguu.

Alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi ya mbegu kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitika. Hakunikaribisha chai. Nikakaa bila kukaribishwa na nikamwomba chai mwenyewe. Akanitazama, akaingia ndani, akarudi na kikombe, na nikakinywa chote.

“Bibi, siku ile ulitaka kuniambia kitu. Ulisema, tukigeuza ngoro.”

Alichukua punje za mahindi akazipanga kwenye ungo, mistari inayokatana, vyumba vinne. Katikati ya kila chumba akabonyeza kidole. Haya mashimo, akasema. Kisha akazisukuma punje zote pembeni na kuzipanga upya. Safari hii kidole alikibonyeza pale mistari ilipokuwa imekutana mwanzo.

“Ukigeuza, shimo jipya linakaa lilipokuwa tuta. Udongo wenye nguvu uko kwenye tuta, ndio unaufukua kufanya tuta jipya. Kwa hiyo safu ya mwisho, ya mpakani, haiwezi kubaki palepale. Lazima usogee nusu. Ama upande nusu, ama ushuke nusu. Mtoto wa darasa la pili hapa anajua.”

“Na wewe ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa nashuka.”

“Kila mara?”

“Mara saba. Hakuna aliyenituma. Mume wangu alitoa eneo lile kwa moyo, nami nikasema, mjane anayelima ubavuni mwa ardhi ya serikali ataitwa mwizi hata akisimama tu. Nikaona heri nikae mbali kidogo.” Akazoa punje zake. “Na bado nikaitwa.”

Mita tano alikuwa amezitoa mwenyewe kwa woga, nusu ngoro kwa nusu ngoro. Mimi nikaja nikamchukua tano nyingine na kumwita mlaji mbele ya watu waliobatizwa naye. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba nimekosa, kwamba nilipima ngoro zilizochimbwa na vibarua vijana wa mwenyekiti wenye mikono mirefu, kwamba nilikuwa na haraka. Nikamwambia nitaandika.

“Kuandika uandike,” akasema. “Maharage ya pale chini nilikuwa nakula mpaka Februari, lakini sasa mmeshachimba shimo la kondo, nitalima maharage gani kwenye kondo? Mimi nataka kimoja. Ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu.”

Niliandika. Mkuu wangu alisoma dokezo langu akiwa amesimama, akauliza kama nataka kusimamisha zahanati kwa ajili ya mita tano. Nikasema ni kumi. Akasema mchoro umeshapitishwa, jengo limefika kwenye linta, na kama yupo mwenye malalamiko ataleta malalamiko. Dokezo likaingia kwenye jalada, na sasa jalada si jembamba tena.

Kusema nilisema. Nilisubiri mkutano mkuu uliofuata, Jumapili vilevile, baada ya misa, ghala lilelile. Nilipopewa nafasi nikawaeleza yote, madimbwi, ishirini, thelathini, arobaini. Nikasema Bibi hakuwahi kupandisha hata shimo moja, bali alikuwa akishuka, na kwamba mita kumi za nyuma ya zahanati ile ni ardhi yake. Nikasema mimi ndiye niliyekosea na ninamwomba radhi.

Vichwa vikainama. Nilidhani wameguswa. Kisha yule mzee wa kwenye gunia, aliyeniuliza umma ni nani, akanyoosha mkono kwa adabu.

“Bwana ardhi, samahani. Bibi amekupa nini?”

Kicheko kilikuwa kilekile, kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Amekunywa chai kule,” akasema mwanamke mmoja. “Tulimwona. Alikaa mpaka kikombe kikaisha.”

Mwenyekiti akatuliza watu, akanishukuru kwa roho yangu nzuri, na akaita ajenda inayofuata, ya mbolea. Kama alinipeleka shambani kwake kwa makusudi au naye aliamini kwamba ngoro ni ngoro, mpaka leo sijui. Nimemchunguza kila tulipokutana na sijapata kitu. Bibi alikuwa amekaa mbele, safari hii bila sweta, amevaa kitenge kipya. Alinyanyuka kabla ya mbolea kwisha akaenda zake.

Machi ni mwezi wa kugeuza ngoro. Nilipita pale nikitoka Matiri, nikaona bati jipya la zahanati linang'aa na wanawake wawili wenye mimba wamekaa kwenye baraza wakisubiri, ingawa muuguzi alikuwa bado hajaletwa. Nyuma, chini ya bikoni, Bibi alikuwa anachimba. Majani yalikuwa yameshalazwa kwa mistari na alikuwa kwenye safu ya kwanza, ya mpakani. Nikasimamisha pikipiki na kushuka.

Kati ya bikoni na tuta lake la kwanza palikuwa na ukanda wa majani ambao haukuguswa. Sikuhitaji mkanda kujua upana wake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba.”

“Bibi, mpaka ni hapa kwenye hii nguzo. Una haki ya kulima mpaka jembe linapoigusa. Mbona umeshuka tena?”

Akanyoosha mgongo, akaniangalia, kisha akaangalia barabarani.

“Wewe utahamishwa, mwanangu. Atakuja mwingine na kamba yake.”

Nikamwuliza kama naweza kumsaidia kuchimba safu moja. Akasema mikono yangu ni mirefu, nitamharibia. Akarudi kuinama, akachimba shimo moja zima, ndipo akasema, bila kuinua kichwa, kwamba chai ipo jikoni, lakini nisiingie, watu wanatazama.